Mfuko wa Ndani wa Koti la Zakaria

Nyantakara, mchana wa mvua

Mwanangu Editha,

Kesho asubuhi tutapanda lori pamoja mpaka njia panda ya Nyakanazi. Pale wewe utangoja gari la kwenda Kahama. Mimi sitageuka kurudi nyumbani kama utakavyotegemea, nitavuka barabara na kungoja gari la kwenda Ngara. Utaniuliza naenda wapi, nami nitakujibu kwamba nakwenda Mabawe kusalimia watu. Hilo ni kweli, ila si kweli yote. Iliyobaki nimeiandika humu, kwa sababu najijua. Nikianza kuyasema haya katikati ya watu wanaopakia magunia na kuchoma mahindi, nitalia, na wewe utaondoka na sura yangu ya kulia. Sitaki uende nayo huko.

Umekwenda kumuaga mama yako wa ubatizo na mvua imekushika hukohuko, kwa hiyo nina muda mpaka itakapokatika. Baba yako amekaa mlangoni, goti lake bovu amelinyoosha, anaitazama mvua. Mimi naandika juu ya lile sanduku la bati. Limekuwa meza nzuri tangu lilipobaki tupu.

Sitakuandikia habari za kuoga, kula na kuamkia wakubwa. Kama hujayajua mpaka leo, karatasi haitakufundisha. Nataka kukuandikia habari za nguo. Usicheke. Unakwenda chuo cha uuguzi, na siku moja watakukabidhi nguo za wagonjwa uzitunze. Siku hiyo nataka uwe umeshajua jambo ambalo mimi nililijua nikiwa nimechelewa.

Unakumbuka tulivyohamishiwa hapa. Ulikuwa mkubwa kiasi cha kubeba kuku wawili. Kule kwetu kwenye migomba kila kitu changu kilikuwa na mahali pake, maana nililelewa hivyo na masista. Miaka minne niliyosoma kwao, nusu ya siku tulikuwa darasani na nusu nyingine tulikuwa chumba cha kufulia. Sista mmoja alikuwa akituonyesha: mashuka huku, foronya huku, taulo huku, pindo zote zimetazama upande mmoja. Nikapenda kazi ile kuliko hesabu. Ukiingia chumba kile asubuhi, moyo ulikuwa unatulia wenyewe.

Siku ya lori la kuhama, wanaume walipakia vitu vyetu na vya majirani pamoja, chungu juu ya godoro, jembe ndani ya nguo. Tulipofika hapa walivimwaga chini kama mchanga, na mvua ikanyesha juu yake. Siku tatu watu walikuwa wanachomoa vitu kwenye lile fungu na kugombana. Mimi sikupata shuka aliloniachia mama yangu, wala madaftari yangu ya shule. Sikumwambia mtu. Lakini kuanzia hapo nikawa mtu wa kupanga. Nikiona kitu kimelala ovyo, nakiokota na kukitafutia mahali pake.

Ndipo zikaja baiskeli.

Mwanzo ilikuwa baiskeli moja ya kijiji, na mwendeshaji alikuwa baba yako. Alikuwa anapeleka barua Biharamulo na kurudi na dawa za zahanati. Nguo zake za safari zilikuwa suruali moja yenye viraka viwili makalioni, shati la kaki, na vipande viwili vya tyubu vya kufungia suruali isiingie kwenye mnyororo. Nilichomeka vijiti vitatu ukutani, nikavitundika. Mguu wa kulia wa suruali ulikuwa haukosi mafuta meusi, nikajifunza kuyatoa kwa mafuta ya taa na majivu kabla ya kutia sabuni. Nilikuwa nafurahi, sikufichi. Vitu vitatu na vijiti vitatu.

Kisha kijiji kikapata baiskeli nyingine, na nyingine, mpaka zikafika kumi na moja. Mwenyekiti akataka waendeshaji wajulikane wakifika wilayani, kwa hiyo kina mama wa ushonaji tukashona kaptula za kaki na mashati meupe. Wilaya ikatoa makoti ya mvua. Kanisa likaleta masweta na makoti ya zamani kutoka Ulaya, mazito, yenye harufu ya dawa. Walipoanza kushindana siku ya Saba Saba wakarudi na fulana nyekundu. Kila mtu alijua mahali pa kuzipeleka. "Mpelekee Mama Editha," walikuwa wakisema. "Kwake hakipotei kitu."

Nilining'iniza ufito mrefu kutoka ukuta hadi ukuta. Ufito ukajaa, nikatengeneza kichanja cha matete. Mchwa wakapanda kichanja, nikaweka miguu yake juu ya mawe na kuyazungushia majivu. Sanduku hili nikaliwekea majani ya tumbaku na ya mkaratusi kuzuia nondo. Makoti ya mvua yalikuwa yanagandana wakati wa joto, nikawa nayapaka majivu yaliyochekechwa kila Jumamosi. Nilizipanga kama nilivyofundishwa: kaptula zote pamoja, mashati pamoja, makoti pamoja, masweta sandukuni, kuanzia ndogo hadi kubwa. Mtu akija asubuhi anachukua inayomtosha, akirudi anaivua, mimi nafua, inarudi kwenye kundi lake. Sikuweka jina la mtu hata mmoja.

Mwenyekiti alipoingia kutazama alisimama pale katikati, kofia mkononi kama yuko kanisani. Kisha akatoka nje akaita watu.

"Jamani, njooni mwone! Hapa hakuna cha fulani wala cha fulani. Haya tunayoyahubiri mikutanoni kila siku, Mama Editha ameyatundika ukutani!"

Nilijisikia kama nimepewa cheti. Hata sasa nikiyakumbuka maneno yale nasikia joto usoni, ingawa ni joto la namna nyingine.

Asubuhi nyumba yetu ilikuwa kama soko. Utakuwa unaikumbuka sauti ya Balthazari, yule mnene.

"Mama Editha, kaptura hii ni ya mtu au ya njiwa? Mimi Mungu kanipa makalio!"

"Anayechelewa anavaa iliyobaki," nilimjibu.

"Balthazari, wewe vaa koti la mvua tu, ulifunge kwa kamba, uende," sauti nyingine ikasema nyuma yake, na wote wakaangua kicheko.

Sauti ile ilikuwa ya Zakaria. Nitakueleza habari zake sasa hivi, lakini kwanza kuna jambo lako.

Nguo zilipozidi, nafasi ilikwisha. Chumba kilikuwa kimoja cha kulala, nawe ulikuwa na kona yako, mkeka wako na picha ya Bikira Maria uliyoibandika kwa uji. Nikakuambia uhamie jikoni. Nilikuambia jikoni kuna joto. Ukakusanya mkeka wako ukaenda, na wiki ile ile nikaweka kichanja cha pili pale ulipokuwa unalala. Ukaanza kukohoa kwa moshi. Nilikupa asali na limau, nikaendelea kupiga pasi. Baba yako aliniuliza mara moja tu, "Mama Editha, hivi anayekaa ndani humu ni mtoto au kaptula?" Nilikasirika. Nikamwambia ni mali ya kijiji, nimeaminiwa. Editha, nguo zililala chumbani na wewe ukalala jikoni tangu hapo mpaka leo. Hujawahi kunilaumu. Naliandika hapa ili ujue kwamba nililiona.

Sasa Zakaria. Alikuwa kijana wa Mabawe, Mhangaza, aliyekuja kwa mjomba wake hapa kijijini na kubaki. Wewe alikufundisha kuendesha baiskeli, ukapita katikati ya bustani ya mwalimu. Alikuwa mwepesi kuliko wote kwenye mlima. Siku moja aliporudi kutoka kwao alikuja kwangu mchana, peke yake, na koti mkononi. Lilikuwa koti la sufu, la kahawia, zito. Kwao Mabawe kuna baridi, unajua.

"Shikamoo, Mama Editha."

"Marahaba, Zakaria. Lete nilitundike."

Hakulitoa. Alilishika kifuani. "Mama, hili si la kijiji. Hili kanipa mama yangu. Nilikuwa naomba, kama haitakuwa taabu, liwe na msumari wake. Kule nyuma tu, hata penye giza. Maana kwenye mfuko wa ndani mama amenishonea..."

Nilimkata maneno. Nilikuwa na pasi ya moto mkononi na mashati sita yananingoja. "Zakaria," nilimwambia, "humu ndani hakuna langu. Nikikuwekea wewe msumari, kesho kumi watataka misumari yao, na mimi nitakuwa nimerudi kwenye lile fungu la siku ya lori. Koti ni koti. Nenda ukalitundike na makoti."

Alilitazama lile koti. Kisha akacheka, si kicheko chake cha asubuhi, akasema, "Haya, Mama." Akaenda mwenyewe kulitundika. Nilimwona analisawazisha mabega.

Sikumuuliza mama yake alishona nini kwenye mfuko wa ndani. Ingenichukua muda gani kumuuliza?

Koti likavaliwa na kila mtu. Balthazari alilipasua kwapa. Mwingine alilianika karibu na moto likaungua upindo. Zakaria akilikuta limeshachukuliwa alikuwa anavaa sweta, anaondoka. Baada ya miezi michache mimi mwenyewe nilikuwa siwezi kukuambia lipi lilikuwa lake. Yote yalikuwa na rangi ya vumbi la barabara.

Kisha vita. Walipoitwa mgambo, waendesha baiskeli kumi na mmoja walikwenda pamoja, na baiskeli zao zikachukuliwa zikasaidie huko. Asubuhi ile walivua nguo za kijiji hapa kwetu, wakavaa walizopewa. Walizipanga wenyewe kwenye mkeka. Walikuwa wanatania, lakini chinichini. Balthazari alisema, "Mama Editha, nikirudi nitakuwa mwembamba, sasa itanitosha." Nilizifua zote siku mbili mfululizo. Nilizipiga pasi kama vile wanazihitaji kesho yake.

Zile siku za vita ulikuwa nami, huna haja ya kusimuliwa. Redio ya Mwenyekiti, sabuni haipatikani, kitambaa hakipatikani. Watu walikuwa wanakuja kuomba kiraka. Nikaamua kuyakata makoti yaliyochakaa kabisa, na sikuona kosa, maana yalikuwa ya kijiji na kijiji kilikuwa uchi. Niliyakata kwa utaratibu wangu ule ule. Migongo nikaiweka pamoja, mikono pamoja, vifungo kwenye kopo. Mifuko nayo nikaibandua nzimanzima, nikaifunga fungu moja, kwa sababu mfuko ulioshonwa vizuri haufai kuharibiwa.

Vita ikaisha. Baba yako akarudi na goti lile. Balthazari akarudi, mwembamba kweli, na hakuchekesha tena. Pamoja nao, waliorudi walikuwa tisa, mmoja mmoja. Wa kumi alikwenda kuishi kwa dada yake Biharamulo. Zakaria hakurudi. Baba yako alikuwa karibu naye, alimwona akianguka kwa macho yake, ndiyo maana alikuwa yeye wa kupeleka habari Mabawe.

Kiangazi kilichopita mama yake akaja. Unamkumbuka, wewe ndiye uliyemletea maji. Mama mfupi, amejifunga kanga nyekundu na nyeusi, na pembe moja ya kanga ilikuwa imekatwa mraba, kama kwa mkasi. Niliiona ile pembe. Nikasema moyoni, maskini, hata kanga nzima hana.

Alisema nami kwa Kihangaza, polepole ili nielewe. Alisema amefuata nguo ya mwanawe. Kwao siku ya kumaliza matanga, mdogo wa marehemu huvikwa nguo ya kaka yake mbele ya ukoo wote, ili jina lisimame. Jeshini hawakupata kitu cha kuleta. "Lakini kuna koti," alisema. "Nilimpa koti. Aliniambia liko kwako, na kwako hakipotei kitu."

Editha, niliingia chumbani nikasimama mbele ya ule ufito wangu. Makoti yalikuwa yamebaki manne, yamefuliwa, yamenyooshwa, pindo zote zimetazama upande mmoja. Sikujua. Niliyashika moja moja kama kipofu. Hakuna hata moja lililokuwa na mtu ndani yake. Ningeweza kutoka nikamwambia, "Mama, nimelichanganya, silijui, nisamehe." Maneno hayo ni machache. Lakini wewe ulikuwa umesimama pale na kikombe, na Mwenyekiti alikuwa ameshakuja kumpa pole mgeni, na mimi nilikuwa Mama Editha ambaye kwake hakipotei kitu. Nikachagua lililokuwa zuri kuliko yote. Nikalikunja. Nikampelekea kwa mikono miwili.

Alilifungua magotini. Akalinusa kwenye ukosi. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani, mpaka chini, akautoa. Akauingiza tena. Nilidhani anatafuta kama mwanawe aliacha hela. Kisha akalikunja upya, akaweka kiganja juu yake, akanitazama. Akasema, "Asante, mwanangu. Limefuliwa vizuri."

Nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi, nikaona nimeponyoka, na nimemfurahisha mama wa watu. Baba yako akamsindikiza mpaka Mabawe kwa ajili ya matanga. Aliporudi sikumuuliza matanga yalikwendaje.

Sasa nakuja kwenye begi lako.

Umeniona nikilishona mwezi huu. Mgongo wake ni kaki ya kaptula, pembeni ni koti la mvua ili vitabu visilowe, kamba ni mikanda ya zamani. Nilitaka uende na kitu kigumu. Juzijuzi ulipokuwa mtoni nilichukua mfuko mmoja kwenye lile fungu la mifuko, nikaushonea ndani ya begi ili uweke rozari na barua yako ya chuo. Nilipomaliza niliingiza mkono kuona kama mshono umeshika. Vidole vikagusa kitu chini kabisa. Nikaugeuza mfuko nje.

Ni kipande cha kanga nyekundu na nyeusi, mraba, kimeshonwa kwa uzi mweupe, mishono midogo midogo ya mtu asiye na haraka. Kipande hicho kilishonwa kule chini mahali ambapo mkono wenye baridi ungekikuta.

Nilikaa chini, Editha. Ulinikuta nimekaa ukaniuliza kama naumwa, nikakuambia ni jua.

Nikaenda na begi kwa baba yako. Nilimwonyesha tu. Aliugusa ule mfuko, akasema, "Kumbe ndiyo pembe ya ile kanga."

"Ulikuwa unajua?"

"Hii sikuijua. Ila nilijua koti ulilompa si la Zakaria. Ni langu, nililozoea kuvaa. Lina alama ya moto mkono wa kushoto, niliungua nalo kwenye taa ya kandili kule Biharamulo. Nililiona siku ya matanga, kijana anavikwa."

"Na hukusema!"

"Ningesema nini, mke wangu? Mama yake mwenyewe alikuwa ananyamaza."

Kisha akaongeza, hakunitazama: "Mtoto alisimama katikati ya ukoo wake amevaa koti langu, na mimi nimekaa pale mzima."

Mvua imepungua sasa. Nifupishe.

Yule mama alijua. Alijua palepale magotini kwake, mkono ulipotoka mtupu mara ya pili. Alijua, akaniambia asante, akasafiri na koti la mtu mwingine mpaka kwao, akamvika nalo mwanawe aliyebaki, kwa sababu watu walikuwa wameshaalikwa na hakuwa na jingine. Na huenda alinihurumia. Hilo ndilo linaloniamsha. Nimekuwa nikiona fahari kwa asante ile mwaka mzima.

Umeona wiki hii watu wanatoka hapa na nguo, ukauliza kama kijiji kimezitaka. Hapana. Niliwaita mimi. Mwenyekiti alikuja kuuliza kulikoni, nikamwambia, "Mwenyekiti, nguo za kijiji nilizitunza vizuri, ila watu waliokuwa ndani yake sikuwatunza." Alikuna kichwa, akasema nifanye ninavyoona. Balthazari nilimpa kaptula aliyoipasua yeye, tuliitambua wote wawili, na kwa mara ya kwanza tangu arudi akaniuliza kama ni ya njiwa. Kila mmoja alichagua. Wengine walilia kidogo, wakajifanya ni vumbi. Niliwauliza maswali ambayo sikuwahi kuwauliza: nani alikushonea kifungo hiki, hapa ulianguka wapi. Kumbe kila nguo ilikuwa na safari zake na mimi nilikuwa nafua tu.

Leo asubuhi niling'oa ule ufito. Chumba kimebaki kitupu. Kona yako iko wazi, ukutani bado kuna alama ya uji ulipobandika picha. Imekuwa wazi wiki hii hii unayoondoka. Ungekuwa utani ningecheka. Nitaifagia na kuitandikia mkeka, na hakuna kitakachowekwa hapo, hata debe. Ukija likizo utalala chumbani.

Huko uendako watakufundisha utaratibu, na utaratibu ni mzuri, mimi siutukani. Ndio ulionishika mkono wakati kila kitu kilikuwa kimemwagwa kwenye matope. Lakini nilipoushika sana ukanifanya nisisikie kijana akiniambia sentensi moja. Mgonjwa akikukabidhi shati lake na kuanza kukueleza jambo, mwache amalize. Hata kama pasi inapoa. Sina zaidi ya hilo, na hilo nimelilipia.

Kesho nakwenda na mfuko ule tu. Si koti, koti lilishakwisha, migongo na mikono yake iko kwenye viraka vya watu wa kijiji kizima. Baba yako ameniambia nisiombe kurudishiwa lake, kijana aendelee nalo. Nitamkuta yule mama, nitamwamkia, nitampa mkononi, na nitamweleza nilivyomkata mwanawe maneno, maana hilo halijui. Sijui atanifanyaje. Anaweza kunifukuza. Anaweza kunyamaza tena, na ukimya ule nauogopa kuliko kufukuzwa. Lakini nina tumaini dogo, nalibeba hivyo hivyo, kwamba ataiweka ile pembe kwenye kanga yake palipokatwa na kuona kwamba inaingia. Na kwamba yule mdogo, akiwa bado analivaa lile koti, atashonewa pembe ile upya na mama yake.

Nasikia unaongea na baba yako mlangoni, umefika umelowa. Nitaikunja barua hii niiweke katikati ya madaftari yako, uikute ukifika.

Usishangae ukiona begi limefumuliwa ndani na kushonwa tena. Mfuko ule nimeutoa, nimekushonea mwingine, kwa kitambaa cha gauni langu la kijani. Mishono yake si mizuri kama ya yule mama. Macho yangu yamechoka, na nilikuwa na haraka usije ukaniona.

Ingiza mkono, mwanangu. Mpaka chini.

Ni mimi niliyekuzaa,
Mama